Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mtaani kote alijulikana kwa jina la Bi Mkubwa. Hata waliomzidi umri walimwita hivyo, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mama mzazi wa seremala, mwanamke mfupi mwenye shingo nene na sauti ya kukata, na heshima yake haikutokana na mali bali na mtindi. Nyuma ya nyumba alifuga mbuzi wa maziwa. Asubuhi aliwakamua mwenyewe, akachuja, akachemsha, akagandisha, na kesho yake watu walikuwa wakigonga mlango na vyombo vyao mkononi. Mwenye vidonda vya tumbo, mzazi aliyetoka kujifungua, mtoto anayetapika kila akipewa maziwa ya ng'ombe, wote walielekezwa kwa Bi Mkubwa. Wengine walikuja hawaumwi kitu, wamefuata utamu tu.

Maziwa ya mbuzi ni ya kubembeleza. Ukiyachemsha kwa moto mkali yanashika harufu ya beberu, na ukiyatikisa wakati yanaganda yanavunjika, yanakuwa maji matupu. Bi Mkubwa aliyaweka juu ya moto mdogo, akayakoroga mpaka yaanze kutoa povu pembeni, akayaipua kabla hayajafura. Kisha aliyaacha yapoe, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Alinawa mkono, akazamisha kidole kidogo, akasikilizia. Kidole kikivumilia bila kuungua, wakati umefika. Alichukua kikombe cha bati chenye kifuniko, alimohifadhi vijiko vichache vya mtindi wa jana, ambao yeye aliuita mbegu, akaukorogea humo, akafunika sufuria, akaivika blanketi kuukuu na kuiweka kando ya jiko kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Baada ya hapo, ole wake atakayeisogeza.

Mkwewe aliitwa Mgeni. Hilo nalo lilikuwa jina la kupachikwa. Siku alipoingia nyumba ile kama bibi harusi, Bi Mkubwa alimpokea mlangoni akasema, “Karibu, mgeni,” na watu wakacheka wakidhani ni utani wa siku moja. Harusi ikapita, mwaka ukapita, ukaja mwingine, na Bi Mkubwa hakubadilisha. “Mgeni, leta maji.” “Mgeni, mlango umeuacha wazi.” Mume akalizoea, majirani wakalizoea, mwisho hata yeye mwenyewe akiitwa kwa jina lake halisi ilimchukua muda kugeuka. Jikoni kazi yake ilikuwa kuwasha moto, kuosha sufuria na kusimama kando. Kutia mkono kwenye maziwa alikatazwa kabisa. Bi Mkubwa alisema mikono yake ina joto la kuku anayeatamia.

Siku moja Bi Mkubwa alikwenda msibani akalala huko. Mbuzi hawajui msiba, walitaka kukamuliwa, na Mgeni akaona hii ndiyo nafasi yake. Alifanya yote kama alivyoyaona yakifanywa, mpaka kidole ndani ya maziwa. Kesho yake alipofunua sufuria, mtindi ulikuwa umeshika. Haukuwa mzito kama wa mwenyewe, ulitetemeka kidogo na maji yalikuwa yamejitenga juu, lakini ulikuwa mtindi. Alionja, akatabasamu peke yake jikoni.

Bi Mkubwa alirudi na wanawake wenzake wawili watatu, wakakaa barazani kupumzisha miguu. Miongoni mwao alikuwamo jirani wa uchochoro wa pili, fundi wa cherehani ambaye kwa ulimi wake na kazi yake watu walimwita Sindano. Mgeni akatoka na bakuli, amelishika kwa mikono miwili, akapiga goti, akamkabidhi mama mkwe.

Bi Mkubwa aliliinamisha bakuli upande mmoja. Maji yakakimbilia ukingoni. Alitazama, akanusa, kisha akanyoosha mkono na kuumimina mtindi wote kwenye karai la kuku, taratibu, mpaka tone la mwisho.

“Huyu hata maziwa hayamgandi,” akawaambia wenzake, “sembuse mimba.”

Wanawake wakacheka. Sindano naye alicheka, halafu akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Mgeni alikuwa amepoteza mimba mbili, na ya pili ni si muda mrefu uliopita; vazi alilokuwa amevaa siku ile ni lile alilolitanulia kiuno kwa furaha na hakuwahi kulirudishia. Mbele ya nyumba, kwenye karakana, mumewe alikuwa akipiga randa ubao. Sauti ya randa ikanyamaza kidogo. Kisha ikaendelea.

Alimfuata baadaye huko huko kwenye vumbi la mbao. “Ulisikia alivyosema?”

“Nilisikia.” Seremala alipuliza maranda kwenye ubao, akafumba jicho moja kuangalia kama umenyooka. “Ndivyo alivyo. Hata mimi nimelelewa kwa mdomo huo huo. Ukimjibu unampa kichwa.”

Basi Mgeni hakujibu. Alirudi jikoni akaosha bakuli.

Jambo lenyewe lilianza kwa bahati mbaya, na hilo lisemwe kwa haki. Asubuhi moja aliosha vyombo haraka haraka, akamimina maji ya birika yanayochemka kwenye beseni bila kuona kwamba kile kikombe cha mbegu kimo ndani, kimefunikwa na sahani. Alipokigundua kilikuwa kimepata moto hadi hakishikiki. Alikitoa kwa kitambaa, akakifuta, akakirudisha kwenye rafu, wala hakufikiri zaidi. Bi Mkubwa akaja, akafanya yake yote kama siku zote, akavika sufuria blanketi.

Kesho yake alipofunua, maziwa yalikuwa maziwa. Hayakuganda, hayakuchacha vizuri, yalikuwa yametulia tu yanamtazama. Bi Mkubwa akachovya kijiko, akakitoa, kikachuruzika. Akachovya tena mahali pengine, kana kwamba upande ule ungeweza kuwa umemficha. Watu walikuwa tayari wanagonga mlango.

“Waambie leo hamna,” akasema.

Mgeni akaenda kuwaambia. Aliporudi alimkuta mama mkwe bado amesimama pale pale na kijiko mkononi, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Mgeni hakuwahi kukiona tangu aingie nyumba ile. Alikuwa hana uhakika.

Alilaumu majani waliyokula mbuzi. Akalaumu baridi. Akamlaumu Mgeni kwa kupita karibu na sufuria na mikono yake ya joto. Mgeni alimsikiliza huku akisugua masizi, na katikati ya kusugua akakumbuka kikombe, na akaelewa. Mbegu ilikuwa imekufa kwa moto. Neno lilimfika mpaka ncha ya ulimi. Angelisema, angeitwa mchawi, mharibifu, mwanamke asiyegandisha kitu, na karai la kuku lilikuwa bado linaonekana pale uani. Akalimeza.

Bi Mkubwa alipata mbegu nyingine kwa mteja aliyekuwa na mtindi wake kidogo umebaki. Mtindi ukaganda siku chache, roho ikamtulia. Ndipo Mgeni akakichukua kile kikombe kwa makusudi, akakitia kwenye beseni, akakimiminia maji ya birika. Alipoona kimeiva vya kutosha akakizamisha kwenye maji ya baridi mpaka kikapoa, ili anayekishika asijue kitu, akakirudisha rafuni na kifuniko chake.

Hakuona ajabu. Alihisi kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kinambana.

Tangu hapo hakuna aliyejua mtindi ungekuwaje. Siku nyingine uliganda, siku nyingine ulikataa, ikabidi kuomba mbegu upya kwa wateja, na Bi Mkubwa alianza kuzunguka jikoni akisema hatua zake kwa sauti kama mtoto anayekariri. Nimechemsha. Nimepoza. Nimetia mbegu. Nimefunika. Mgeni alimwacha atoke, kisha akaliondoa blanketi na kulikunja vizuri juu ya kigoda. Mama mkwe aliporudi alimwuliza kwa upole kabisa, “Mama, leo hukuifunika?”

“Niliifunika.”

“Sawa, mama. Labda ni mimi sikuona vizuri.”

Bi Mkubwa aliliangalia lile blanketi lililokunjwa. Akakaa juu ya gunia la mkaa.

Siku moja alimshika Mgeni mkono pale jikoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. “Usimwambie mwanangu,” akasema. “Ni uchovu tu. Akijua ataniona nimekwisha.”

“Siwezi kumwambia, mama.”

Alimwambia kabla chai ya jioni haijapoa. Alimwambia kwa huzuni, ameinamisha kichwa, kwamba mama anasahau, kwamba anaogopa ataacha moto ukaunguza nyumba nzima, na kwamba mwenyewe ameomba isisemwe kwa hiyo asimwonyeshe kama anajua. Seremala aligeuza penseli yake nyuma ya sikio. Kuanzia hapo akawa anamtazama mama yake kwa jicho la pembeni, na akimuuliza jambo alimuuliza mara mbili, polepole, kwa sauti ya juu. Hakuna kinachomchanganya mtu mzima kama kuulizwa hivyo.

Kuna wakati Mgeni alimhurumia. Bi Mkubwa alikuwa amepungua. Kanga aliyokuwa akiifunga mara moja sasa ilimzunguka mara mbili, na wateja wengi walikuwa wamehamia kwingine. Asubuhi moja alimkuta uani ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa mbuzi, amesahau kwamba anakamua, maziwa yanamdondokea mguuni. Mgeni akasema moyoni, basi, yatosha. Siku ile kikombe hakukigusa, wala blanketi, wala chochote. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata.

Mtindi ukaganda. Uliganda vizuri kuliko wakati wowote, mweupe, mzito, kijiko kinasimama. Bi Mkubwa aliupeleka mwenyewe mlango kwa mlango, na aliporudi shingo ilikuwa imenyooka. Alikaa barazani, akaita watu waonje, na mbele yao wote akamwelekezea Mgeni kidole.

“Nimegundua kilichokuwa kinaniharibia,” akasema. “Ni huyu. Siku zake zikifika anasogea karibu na sufuria, na hizo siku zake hazikosi, zinakuja kama kodi. Nimemzuia kusogea, mmeona mambo?”

Watu wakaangua kicheko. Mgeni naye alicheka kidogo, akakusanya mabakuli, akaingia ndani. Akabandika birika jikoni.

Safari hii hakurudi nyuma. Aliendelea mpaka Bi Mkubwa akaacha kulaumu majani, akaacha kulaumu baridi, akaacha kumlaumu mtu yeyote. Alikuwa akisimama mbele ya sufuria na kidole ndani ya maziwa, asijue tena kama ni ya moto au ya baridi. “Hebu shika wewe,” alimwambia Mgeni siku moja. “Mimi kidole changu hakiniambii kitu.”

Mgeni akanawa mkono, akazamisha kidole. “Bado, mama. Ukitia sasa utaiua mbegu.”

“Ahsante, mwanangu,” alisema Bi Mkubwa.

Alimwita mwanangu. Lilimtoka bila kujijua, na tangu siku hiyo hakumwita kwa jina jingine. Alianza kumfuata nyumba nzima, akimuuliza kama yeye mwenyewe amekula, kama amekunywa dawa zake, kama leo ni leo au jana. Na mambo aliyokuwa amefundishwa na mama yake, ya kupunguza moto, ya kuchuja kwa kitambaa kilichochemshwa, ya kuwatenga majike na beberu ili maziwa yasinuke, akamfundisha Mgeni yote moja moja, akimsihi ayashike kabla yeye hajayapoteza. Mgeni akayashika. Alipogandisha yeye, mtindi haukukataa hata siku moja. Wateja wakarudi. Walisema una ladha ile ile.

Hapo pangetulia, lakini Sindano alikuwa na dirisha. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha lililotazamana na jiko la kina Seremala, uchochoro mwembamba tu katikati, na mtu anayeshona pindo kutwa macho yake hupumzikia popote. Bi Mkubwa alikuwa bado anajaribu mara moja moja, kwa kujipa moyo, kusudi aone kama mkono umerudi. Na mara hizo Mgeni hakuziacha zipite. Sindano alimwona na kikombe kwenye beseni. Akaona mara ya pili. Mara ya tatu aliacha nguo ya mtu chini ya sindano ya cherehani, akavuka uchochoro na kanda ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, akaingia moja kwa moja mpaka karakana.

“Fundi, sikiliza,” akamwambia Seremala. “Mama yako hajasahau kitu. Mkeo anampikia mbegu. Njoo uone mwenyewe, kikombe kimo kwenye maji ya moto sasa hivi.”

Walimkuta Mgeni amesimama jikoni. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, anapepeta mchele ambao ulikwisha kupepetwa. Beseni lilikuwa sakafuni, mvuke unapanda, na kikombe cha bati kimo ndani.

“Hicho hapo,” alisema Sindano. “Nimemwona kwa macho yangu, na si leo tu. Anakiunguza, halafu anakipoza, anakirudisha. Bi Mkubwa, huumwi wewe. Unafanyiwa.”

Seremala akamtazama mkewe. “Ni kweli?”

Mgeni alikuwa amekwisha kutayarisha machozi na kiapo. Kabla hajafungua kinywa, Bi Mkubwa aliweka ungo chini.

“Kikombe kwenye maji ya moto?” akauliza taratibu. Akafikiri, uso umejikunja, anatafuta kitu kichwani na kurudi mikono mitupu. “Basi nilimwagiza mimi.”

“Hukumwagiza,” alisema Sindano.

“Itakuwa nilimwagiza nikasahau. Siku hizi nasahau sana, jirani. Nitakuwa nimemwambia akioshe, si ndiyo, mwanangu?”

Wote wakamgeukia Mgeni.

“Ndiyo, mama,” akasema. “Uliniambia kinanuka, nikioshe kwa maji ya moto.”

“Unaona.” Bi Mkubwa alishusha pumzi kama mtu aliyeokota kitu alichokiangusha. “Ananivumilia sana huyu. Angekuwa mwingine angeshanisema mtaa mzima.”

Sindano alipiga magoti mbele yake, akamshika mabega. “Bi Mkubwa, nitazame. Mimi sina sababu ya kukudanganya. Ulinijua tangu sijaolewa.”

“Najua. Lakini wewe siku ile ulimcheka,” alisema Bi Mkubwa, na sauti yake ikapanda kidogo kwa woga. “Nakumbuka hilo. Hilo nalikumbuka vizuri. Mlimcheka mtoto wa watu amebeba bakuli. Sijui kwa nini mlimcheka.”

Sindano aliinuka. Kucheka, alicheka kweli.

“Umemaliza?” Seremala akamwuliza. “Basi rudi ukashone. Na dirisha lako kama limekushinda, nitakuja kukupigilia mbao.”

Sindano alipoondoka, Mgeni aliinama kuwahi beseni, lakini mumewe alikuwa ametangulia. Alisimama juu yake kidogo, akainama, akagusa kitu, akatoka kurudi kwenye kazi yake.

Haikuchukua muda, Seremala akampigia simu dada yake aliyeolewa mji mwingine. Alimweleza kwamba mama amechoka, anahitaji mtu wa kukaa naye, na hapa kuna misumeno na moto. Dada akaja na gari la mume wake. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye machozi ya karibu, na alipoona mama yake alivyosinyaa alilia palepale mlangoni.

“Wifi, Mungu atakulipa,” alimwambia Mgeni. “Najua mama alivyokuwa na wewe. Mwingine angelipiza.”

“Ni mama yangu pia, wifi,” alisema Mgeni.

Mzigo ulikuwa mdogo. Walipomwongoza Bi Mkubwa kuelekea garini, alitembea vizuri tu mpaka kwenye mlango wa gari, na hapo ndipo alipoelewa kwamba Mgeni haji. Alimshika nguo kifuani kwa mikono yote miwili.

“Usiniache. Huko nani ataniambia kama nimefunika? Mimi nitaharibu kila kitu. Mwanangu, waambie, wewe ndiye unayenijua.”

“Nitakuja kukuona, mama.”

“Waambie sitagusa jiko. Nitakaa tu. Nitakaa hapo kwenye kigoda.”

Dada mtu alikuwa amegeukia pembeni, anajifuta. Seremala alikuwa amekwisha kuingia karakana. Basi kazi ilibaki kwa Mgeni mwenyewe. Alivibandua vidole vya yule mama, kimoja kimoja, na vilikuwa na nguvu kuliko alivyotarajia, vidole vya mtu aliyekamua maisha yake yote. Alipomaliza alimfunga mkanda, akamrekebishia mtandio, akafunga mlango. Gari likaondoka. Aliingia ndani, akabandika maziwa.

Kwa majuma kadhaa nyumba ilikuwa na utulivu wa ajabu. Mgeni alipanga jiko upya, akahamisha rafu, akanunua sufuria kubwa. Alilala vizuri. Siku moja hata alijikuta anaimba huku anakamua.

Simu ya dada ilikuja wakati wamekaa wanakula. Sauti yake ilikuwa juu, Mgeni aliisikia bila simu kuwekwa sikioni mwake. “Mama mzima! Sijui mlikuwa mnamwona nini huko. Kuna jirani hapa ana mbuzi, mama akaomba maziwa, mimi nikasema wacha nimpe ajiliwaze. Ameugandisha mtindi, kijiko kinasimama! Leo wa pili, kesho wa tatu, haujakataa hata mara moja. Na kila kitu anakumbuka, mpaka majina ya walimu wangu. Nimempeleka kwa daktari, anasema kichwa hakina tatizo lolote, alikuwa na simanzi tu. Anataka kurudi nyumbani kwake. Nimlete lini?”

Mgeni aliacha kutafuna. Seremala alimsikiliza dada yake mpaka akamaliza.

“Nitakupigia,” akasema, akaweka simu mezani.

Mgeni alikuwa anangoja kofi, au talaka, na kwa kweli mwili wake ulikuwa umeshajikaza kwa lolote kati ya hayo mawili.

“Siku ile aliyokuja Sindano,” Seremala akasema, “nilikigusa kikombe. Baadaye nilichukua kijiko kimoja cha ile mbegu nikaiweka kwenye glasi ya maziwa pale karakana, nyuma ya gundi. Haikuganda.”

“Ulijua,” alisema Mgeni.

“Nilijua.”

“Na ukamwita dada yako.”

Seremala alichukua kipande cha mkate, akakikata kati. “Nimezaliwa ndani ya sauti ile,” akasema. “Marehemu baba alikufa anaambiwa hata kufa hajui. Kila meza niliyowahi kutengeneza, aliitikisa kwanza. Miaka yote nilikuwa nafikiri hakuna kinachoweza kumnyamazisha, kisha ukaja wewe na birika lako.” Alisema bila hasira, kama anayeeleza jinsi ubao ulivyo. “Nikaona nikikaa kimya tu nitapumzika. Nimepumzika.”

Mgeni alimtazama mtu aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja. Alitafuta ndani yake lile neno la kumlaumu, lakini halikuwa lake kulitumia.

Kesho yake Seremala alihamishia mbao zake zote kwenye chumba cha mama yake, za mninga chini na za msonobari juu, mpaka dirisha likafunikwa. Jioni simu ikaita tena. Alitazama jina, akaipokea, akaisukuma upande wa pili wa meza.

“Anakutaka wewe. Mwambie.”

“Mwanangu?” Ilikuwa sauti ya Bi Mkubwa, ya zamani, yenye nguvu zake zote, ila sasa ilikuwa na upole ndani yake ambao haukuwamo zamani. “Nimepona. Umesikia? Mtindi unaganda. Kila nikifunika nakukumbuka wewe. Niliwaambia hapa, kama si yule binti nisingefika hivi nilivyo. Njoo unichukue, mwanangu, nije tufanye wote. Sitakusema tena. Nilikuwa na mdomo mbaya, wewe hukunijibu hata siku moja.”

Mgeni aliishika simu kwa mikono miwili. Mbele yake mumewe alikuwa anangoja, viwiko mezani, macho hayabanduki usoni pake.

“Mama,” akasema, “chumba chako kimejaa mbao.”

“Mbao?”

“Ndiyo, mama. Hakuna nafasi.”

Bi Mkubwa akasema kwa sauti ya mtu anayejisahihisha, “Aa. Labda niliambiwa nikasahau. Basi, mwanangu. Msalimie mume wako.”

Seremala alinyoosha mkono, akachukua simu, akaizima. Mbele yake kulikuwa na bakuli la mtindi alilowekewa tangu chakula kilipoanza, hakuwa amelitia kijiko. Alilisukuma taratibu mpaka likagota kwenye kiwiko cha mkewe.

“Onja kwanza,” akasema.

Mgeni akachukua kijiko, akaonja. Seremala alimtazama akimeza, akangoja kidogo, kisha akalivuta bakuli kwake na kuanza kula.